Mtihani wa akili, umaskini na kifo cha mapema: alama zile zinapima nini?

Tarehe 1 Juni 1932 watoto 87,498 wa Scotland, karibu wote waliozaliwa mwaka 1921, waliketi madarasani kufanya mtihani mmoja. Ulikuwa wa dakika 45, umetoka Moray House, chuo cha ualimu cha Edinburgh ambako Godfrey Thomson alikuwa akitunga mitihani ya akili. Kulikuwa na maneno yanayopingana, hesabu, methali, maandishi ya siri ya kufumbua, na maagizo ya kufuata hatua kwa hatua. Walimu walisahihisha, alama zikaingizwa kwenye madaftari, madaftari yakahifadhiwa. Mwaka 1947 zoezi likarudiwa kwa watoto 70,805 waliozaliwa 1936.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wawili, Lawrence Whalley na Ian Deary, waliyafukua yale madaftari ya 1932. Walichukua watoto 2,792 wa Aberdeen, wakaanza kuwatafuta kwenye rejesta za vifo na za matibabu: nani amekufa, nani bado yupo. Waliwapata 2,230. Matokeo waliyoyachapisha 2001 yalikuwa hivi: mtoto aliyekuwa nyuma ya mwenzake kwa pointi 15 za IQ, yaani kipimo cha akili kinachotokana na mitihani ya namna hii, akiwa na miaka 11, uwezekano wake wa kuwa hai akiwa na miaka 76 ulikuwa asilimia 79 tu ya ule wa mwenzake. Mwaka 2017 ukaja uchambuzi wa watu 65,765 wa kundi la 1947, waliofuatiliwa hadi mwisho wa 2015. Ukaonyesha jambo lile lile kwa magonjwa ya moyo, kiharusi, magonjwa ya mapafu na saratani zinazotokana na sigara. Aliyepata alama nyingi utotoni aliishi zaidi.

Hilo ni fungu la kwanza la ushahidi. La pili ni la zamani zaidi, nalo halibishiwi: maskini hufa mapema. Michael Marmot na wenzake walichambua uchunguzi ulioanza 1967 wa watumishi wa serikali ya Uingereza, wanaume wenye ajira ya kudumu, wa ofisi za jiji moja. Hata hapo, tarishi na bawabu walikufa kwa ugonjwa wa moyo mara tatu ya maofisa wa juu. Na huko huko Scotland, ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2008 ilionyesha kwamba mtoto wa kiume wa mtaa wa Calton, Glasgow, alitarajiwa kuishi miaka 54, na wa Lenzie, kilomita chache kutoka hapo, miaka 82.

Ukiyaunganisha mafungu haya mawili unapata swali linalowagawa wataalamu hadi leo. Kama watoto wa maskini hupata alama za chini, na wenye alama za chini hufa mapema, je, maskini wanakufa mapema kwa sababu ya umaskini au kwa sababu ya akili? Mwaka 2004 Linda Gottfredson wa Marekani aliandika makala akipendekeza kwamba akili ndiyo chanzo kikuu ambacho wataalamu wa afya ya jamii walikuwa wakikitafuta bila kukiona. Kwa mtazamo huo pengo la afya kati ya matabaka ni, kwa sehemu kubwa, pengo la uwezo wa kufikiri.

Dai hilo ni zito. Likiwa kweli linabadilisha namna tunavyopanga zahanati, maji, makazi na mishahara. Likiwa si kweli linamtwisha maskini lawama ya kifo chake mwenyewe. Na lote limesimama juu ya kitu kimoja: alama ya mtihani. Kwa hiyo tuanze na mtihani.

Swali lililoegemea upande

Mwaka 1917 jeshi la Marekani lilianza kuwapima askari wapya kwa mitihani ya akili, na hadi vita inakwisha lilikuwa limepima watu wapatao milioni 1.7. Swali moja liliuliza Crisco ni nini: dawa, kiua vijidudu, dawa ya meno, au chakula? Crisco ni mafuta ya kupikia yaliyouzwa madukani Marekani. Mhamiaji aliyeshuka melini mwaka mmoja kabla akitokea kijiji cha Italia au Poland, hata angekuwa na kichwa chepesi namna gani, hakuwa na njia ya kulijua. Kwa wasiojua kusoma kulikuwa na mtihani wa picha, wanaonyeshwa mchoro wenye kitu kilichokosekana. Mmoja ulikuwa uwanja wa tenisi usio na wavu. Mtu ambaye hajawahi kuona tenisi anaambiwa aseme kilichopungua.

Maswali ya aina hiyo yanachekesha leo, na mitihani ya sasa imeyaondoa. Lakini kuna kuegemea kusikoonekana kirahisi hivyo. Robert Serpell, aliyefanya kazi miaka mingi Zambia, aliwalinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester kwa kazi ya kunakili umbo. Walipopewa karatasi na penseli, wa Manchester walishinda. Walipopewa waya, wa Lusaka walishinda. Walipopewa udongo wa kufinyanga, walikuwa sawa. Yeyote aliyekulia Afrika Mashariki akiwaona wavulana wakisukuma magari ya waya barabarani anaelewa mara moja. Uwezo uliokuwa unapimwa ni ule ule, wa kuona umbo na kulirudia. Kilichoamua mshindi ni kitu ambacho mkono umezoea.

Karibu zaidi na nyumbani ni Usenge, magharibi mwa Kenya, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Robert Sternberg, akiwa na Wenzel Geissler, Ruth Prince na wengine, aliwapima watoto 85 wa Kijaluo. Waliwapa mitihani ya kawaida ya msamiati na mafumbo ya maumbo. Kisha wakawapa mwingine, kuhusu dawa za miti shamba: mtoto ana dalili hizi, atumie mmea gani, kiasi gani. Hayo ni maarifa ambayo watoto wa huko huyatumia kweli, kwa sababu minyoo na homa ni mambo ya kila wiki. Waliofanya vizuri kwenye dawa walielekea kufanya vibaya kwenye msamiati wa shule. Maelezo ya watafiti ni kwamba familia nyingi pale hazikuona faida kubwa katika elimu ya shule, hivyo mtoto mwepesi wa kujifunza alielekeza wepesi wake kwingine.

Ukitaka kujua nani katika watoto wale atafika utu uzima akiwa hai, ungeuliza mtihani upi?

Namna kipimo kinavyomeza umaskini

Sasa tufike kwenye kiini, na naomba msomaji avumilie hesabu kidogo. Ni namba za kubuni, nimezichagua ziwe rahisi.

Chukua mji wenye watoto 1,000 wa makarani na 1,000 wa vibarua. Katika wale wa makarani, 800 wanaishi vizuri na 200 wanaishi kwa dhiki: baba anakunywa mshahara, au amefariki, au nyumba imejaa unyevu na kifua kikuu. Katika wale wa vibarua, 300 wanaishi vizuri, maana mama ana biashara au babu ana shamba, na 700 wana dhiki. Anayeishi vizuri ana uwezekano wa asilimia 10 wa kufa kabla ya miaka 65. Mwenye dhiki, asilimia 30. Na katika mji huu tuseme akili haina mchango wowote kwenye kifo. Sifuri.

Makarani watapoteza watoto 80 kutoka kundi la kwanza na 60 kutoka la pili, jumla 140. Vibarua watapoteza 30 na 210, jumla 240. Pengo ni watu 100 katika kila 1,000.

Anakuja mtafiti. Kitu pekee anachokijua kuhusu hali ya nyumbani ni kazi ya baba. Anawapa watoto mtihani, na mtihani wenyewe umejaa mambo ambayo mtoto aliyeshiba, aliyelala usingizi na mwenye kitabu nyumbani huyajua, na mwenye dhiki hayajui. Wenye dhiki wote wanapata alama za chini. Miaka inapita, anahesabu vifo. Kisha anafanya kile ambacho kila mtafiti hufanya: analinganisha watu wenye alama sawa. Kati ya wenye alama za juu, watoto wa makarani na wa vibarua wamekufa asilimia 10 kwa 10. Kati ya wenye alama za chini, 30 kwa 30. Pengo la matabaka limetoweka lote. Anaandika: “Tofauti ya vifo kati ya matabaka inaelezwa na akili.”

Hajadanganya hata tarakimu moja. Ila alichokiita akili kilikuwa dhiki, iliyopimwa kwa undani kuliko ile safu yake ya “kazi ya baba”. Mtihani uliiona njaa ambayo fomu haikuiona.

Ndiyo maana hoja inayotolewa mara nyingi, kwamba mtihani huu hauna shida kwa sababu unatabiri vizuri, haitoshi. Kutabiri vizuri si ushahidi kwamba kinachopimwa ndicho kilichoandikwa kwenye jalada. Mtihani ulioegemea upande wa wenye nacho utatabiri kifo vizuri mno, kwa sababu kule ulikoegemea ndiko mauti yalikolala.

Kuna mbinu ya kukagua swali moja moja. Unachukua watoto wa tabaka mbili waliopata jumla sawa, halafu unatazama kama kuna swali ambalo bado wa tabaka moja wanalikosa zaidi. Likipatikana, linatupwa. Mbinu ni nzuri, nayo ndiyo inayowanasa akina Crisco. Lakini kigezo chake cha usawa ni jumla ya mtihani huo huo. Kama maswali yote yameegemea kwa kiasi kimoja, ni mizani ya sokoni iliyotegwa ikikaguliwa kwa mawe yake yenyewe. Kila kitu kitaonekana sawa.

Upande wa pili, na si mdogo

Nisingetenda haki nikiishia hapo. Mji wangu wa kubuni umepangwa ili hoja ionekane, na Scotland halisi haikuwa hivyo. Uhusiano wa alama na kifo ulibaki hata watafiti walipozingatia kazi ya baba na hali ya makazi. Katika sampuli moja ya watoto wa 1947, waliozaliwa siku maalumu za mwaka 1936 na kufuatiliwa kwa karibu, ulibaki hata ndugu wa familia moja walipoingizwa kwenye hesabu. Ndugu hula chungu kimoja, ingawa si kila mtoto hupata sahani sawa.

Ushahidi unaonipa shida kuliko mwingine ni wa mwaka 2005, wa Ian Deary na Geoff Der. Walikuwa na watu 898 wa magharibi mwa Scotland, wa miaka 56 hivi, waliopimwa IQ na pia kasi ya mwitikio. Kipimo cha kasi ni kisanduku chenye vitufe: tarakimu inatokea, unabonyeza. Hakuna msamiati, hakuna methali, hakuna tenisi. Wenye mwitikio wa polepole walikufa zaidi, na kasi hiyo ilipozingatiwa, mchango wa IQ karibu wote ulimezwa. Ni vigumu kusema kubonyeza kitufe kunapendelea tabaka fulani kwa njia ya lugha au mazoea ya nyumbani.

Hata hivyo mtu wa miaka 56 hajafika na mwili mpya. Mapafu yaliyochoka, mishipa iliyoziba, miaka thelathini ya zamu za usiku, vyote vinaweza kupunguza kasi ya kidole na kumwua mtu huyo huyo. Hapo kipimo hakina upendeleo wowote na bado alama inabeba historia ya umaskini. Haya ni mambo mawili, na mara nyingi huchanganywa: mtihani unaweza kumwonea maskini, au umaskini unaweza kuwa umeudhuru ubongo kweli na mtihani ukasema ukweli. La pili ndilo zito zaidi, kwa sababu hakuna marekebisho ya maswali yatakayoliondoa.

Mfano wa hili upo Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kiliwamwagia wakazi sumu ya madini ya risasi kwa miaka, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Risasi hupunguza uwezo wa mtoto wa kufikiri na kukumbuka. Risasi hiyo hiyo huharibu figo na kupandisha shinikizo la damu, na vyote viwili huua. Mtoto aliyelelewa karibu na kiwanda cha namna hiyo atapata alama za chini, na uwezekano wa kufa mapema utakuwa juu. Mtafiti akija miaka hamsini baadaye kulinganisha watu wenye alama sawa, ameifuta risasi kutoka kwenye hesabu. Kosa la kiwanda limeandikwa kwa jina la mtoto.

Kinachonithibitishia kwamba alama si muhuri wa kudumu ni kazi mbili za ukanda wetu. Huko Embu, Kenya, watoto wa kijijini walipimwa 1984, na wengine wa umri ule ule 1998. Katika miaka 14 alama za mafumbo ya maumbo zilipanda kwa zaidi ya pointi 20 za IQ. Damu na koo hazibadiliki kwa muda huo. Wazazi wengi zaidi walikuwa wamejua kusoma, familia zilikuwa ndogo, watoto walikula vizuri zaidi. Na eneo la Bagamoyo, Tanzania, timu iliyowajumuisha Sternberg, Elena Grigorenko na Damaris Ngorosho iliwapima watoto wa shule, ikawafundisha kwa muda mfupi, chini ya saa moja, namna ya kuyakabili maswali ya aina ile, ikawapima tena. Walipanda. Alama ya pili, baada ya kufundishwa, ilielekea kuhusiana zaidi na vipimo vingine vya uwezo wao. Ile ya kwanza ilikuwa imepima, kwa sehemu, ugeni wa karatasi.

Kuna kosa moja la kipimo linalovuta upande wa pili, na uadilifu unataka litajwe. Mtihani mmoja wa dakika 45, siku moja, una kelele nyingi: mtoto ana homa, amegombana njiani, penseli imevunjika. Kelele hufanya uhusiano uonekane dhaifu kuliko ulivyo. Kwa hiyo inawezekana kabisa akili inachangia zaidi ya tunavyoona, na umaskini unapewa sehemu isiyo yake. Makosa haya mawili yanavutana, na hakuna sheria inayosema yatafutana.

Akili hufanya kazi mahali penye njia

Tukubali sasa kwamba sehemu fulani ya uhusiano ni ya kweli: anayefikiri haraka huishi zaidi. Kwa njia ipi?

Scotland inatoa majibu mawili ninayoyathamini kuliko takwimu zote. La kwanza ni sigara. Kwa watu waliopimwa 1932, alama za utotoni hazikuhusiana na nani alianza kuvuta. Walipokuwa vijana sigara haikuwa na ubaya unaojulikana, na wenye akili waliiwasha kama wengine. Ushahidi wa saratani ya mapafu ukaja 1950 na kuendelea, na hapo ndipo wenye alama za juu walipoacha kwa wingi. Kabla ya habari kufika, akili haikuwakinga.

La pili ni vita. Katika kundi la Aberdeen uhusiano wa alama na kuishi ulikuwa dhaifu kwa wanaume kuliko kwa wanawake, na sababu mojawapo ni kwamba waliokufa jeshini katika Vita vya Pili vya Dunia walikuwa na alama za juu kiasi. Nchi ilipohitaji watu wa kutuma vitani, alama nzuri haikuwa ngao.

Alama, basi, haibebi umri wa mtu ndani yake. Inabeba urahisi wa kutumia kile ambacho jamii imeweka mezani: habari, ajira salama, daktari, maelekezo ya dawa. Ndiyo maana hata anayekubali hoja ya Gottfredson kwa ukamilifu hana ruhusa ya kukata tamaa. Kama tiba inamtaka mgonjwa awe mwepesi wa hesabu, wapo watakaokufa kwa hesabu. Anayeipanga tiba ndiye anayeamua hesabu hiyo iwe ngumu kiasi gani. Pakiti za dawa mseto ya malaria zimetenganishwa kwa uzito wa mgonjwa, zina rangi tofauti na michoro ya vidonge kwa kila dozi, ili mama asiyesoma asikosee. Dawa za ARV zilizokuwa vidonge vingi kwa nyakati mbalimbali sasa, kwa wengi, ni kidonge kimoja kwa siku. Kila hatua kama hiyo inapunguza nguvu ya alama juu ya uhai, bila kugusa ubongo wa mtu yeyote.

Kurudia kazi ya Aberdeen hapa kwetu kunahitaji vitu viwili: rejesta ya vifo inayoaminika, na mtihani uliotungwa kwa watoto watakaoufanya. Cha kwanza nchi zetu nyingi hazina kitaifa, lakini yamekuwapo maeneo ambako kila kuzaliwa na kila kifo huandikwa: Ifakara nchini Tanzania; Korogocho na Viwandani jijini Nairobi; na Kilifi, pwani ya Kenya, ambako ufuatiliaji ulianza 2000. Cha pili pia kipo Kilifi. Amina Abubakar na wenzake walitengeneza huko kipimo cha ukuaji wa watoto wadogo, kwa vifaa na shughuli ambazo watoto wa pwani wanazijua, wakakijaribu kwao kwanza kabla ya kukitumia kwa utafiti. Atakayewafuata watoto wa namna hiyo hadi uzeeni akaandike, pamoja na alama, maji waliyokunywa, malaria waliyougua, na paa walilolala chini yake. Akiandika kazi ya baba peke yake, atarudi kwenye mji wangu wa kubuni.